Ngoma Zilizofungiwa Dirisha

Jumamosi, 11 Machi 2006

Ngoma zangu zilipotea Jumanne, tarehe 14 Novemba 1978, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ngoma kubwa ya mguu, inchi ishirini. Mbili za kati, kumi na mbili na kumi na sita. Ngoma ndogo yenye waya chini, kumi na nne. Matoazi manne: mawili ya mguu, moja la inchi kumi na sita, na moja la kumi na nane lenye ufa. Vitu vinane. Ukihesabu na urafiki wa Wahome, tisa.

Daftari hili huwa ni la mvua. Kila msimu naandika siku iliyonyesha na mifereji ya paa niliyouza, maana duka langu la River Road huishi kwa mvua kama shamba. Lakini leo nimefunga saa saba, nikafungua gazeti kwenye matangazo madogo kutafuta mabomba ya mitumba, nikakuta hili: Ngoma na matoazi ya zamani, seti nzima, nyekundu, za Uingereza. Mwenyewe anauza. Madalali wasisumbue. Spring Valley.

Nimelisoma mara tatu. Enzi zetu nilijua kila seti iliyokuwa ikipigwa Nairobi. Zilikuwa kumi na saba. Nyekundu mbili tu, na moja iliungua na hoteli yake.

Mke wangu Caren ameenda Bungoma tangu Alhamisi, kupanda mahindi. Atarudi Mei. Hakuna mtu wa kuniuliza nimekaa na gazeti moja jioni nzima kwa nini.

Jumapili, 12 Machi

Manyunyu baada ya ibada. Ukiniuliza mahubiri yalikuwa juu ya nini, sijui.

Jumanne, 14 Machi

Nimepiga simu. Sauti ya mama mzee, kavu.

"Wewe ni dalali?"

"Hapana, mama. Niliwahi kuwa mpigaji."

"Kila mtu anayepiga simu hapa aliwahi kuwa mpigaji. Bei ni elfu arobaini na tano. Njoo Jumamosi saa nne, na usiniletee matope."

Akakata. Nikajikuta nagonga meza ya duka kwa vidole, mbili kwa tatu, ule mpigo tuliofungulia kila Ijumaa. Muchiri, karani wangu, akauliza, "Mzee, unataka kitu?" Nikamwambia ahesabu koki.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Nimefika Spring Valley saa nne kasoro dakika tano, nikasimama langoni mpaka zikaisha.

Mwenye nyumba anaitwa Hannah Waithera. Mwalimu mstaafu, mjane wa wakili aliyeitwa Zachariah Karanja. Nyumba anaiuza, tarehe 30 Aprili anahamia Hurlingham, ghorofa ya tatu. "Huko hata kabati langu halitapita mlangoni," alisema, "sembuse hiyo mizigo ya Karanja." Akanipeleka chumba cha nyuma, akavuta shuka.

Nyekundu ile ile, kama magamba ya samaki yaliyotiwa rangi. Nilijizuia. Mnunuzi haonyeshi uso. Nikapima kwa utepe niliouweka mfukoni: ishirini, kumi na mbili, kumi na sita, kumi na nne. Nikageuza lile toazi la kumi na nane kuelekea mwanga.

Toazi likianza kupasuka, unatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, ili usiendelee. Kila mpigaji wa zamani anajua, maana toazi jipya lilikuwa mshahara wa miezi mitatu. Mwaka 1977 nilitoboa la kwangu Shauri Moyo kwa keke ya seremala. Mkono ukateleza, nikakosea kwa nusu inchi, ikabidi nitoboe tundu la pili. Wahome alinicheka wiki nzima: "Sifuna anatengeneza kichungi cha chai."

Matundu mawili. Nusu inchi katikati yake. Na ufa umesimama pale pale, miaka ishirini na minane haujasogea hata unywele.

"Hili toazi ni langu," nikasema.

"Bado hujalipa."

"Mama, hizi ngoma ziliibwa. Ziliibwa kwangu."

Akanitazama hadi nikaona aibu, na sikujua aibu ya nini. "Unaniambia marehemu Karanja alikuwa mwizi?"

"Nasema alinunua kwa mwizi."

"Nina miaka sabini na moja. Nimefundisha thelathini na minne. Nimewatoa darasani watu wakubwa kukushinda. Toka. Kuna kanisa huko Karen linataka hizi ngoma, na wao hawatukani mtu aliye kaburini."

Nikatoka. Mvua ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Mifereji ya paa thelathini na mmoja. Sikuifurahia.

Jumatano, 22 Machi

Niandike yote, labda nitalala.

Tulikuwa watano, tukipiga kwenye klabu moja ya Hurlingham, Jumatano hadi Jumapili. Vyombo vilikaa stoo nyuma ya jiko. Ufunguo ulikuwa mmoja, kwa Wahome, kiongozi wetu. Jumatano tarehe 15 nilifika kwa mazoezi, stoo ikawa na magitaa na vipaza sauti, lakini mahali pa ngoma pamebaki duara nne za vumbi. Wahome akasema mlango umevunjwa. Nikaangalia kufuli. Halikuwa na mkwaruzo. Nikamuuliza mwizi gani anavunja mlango bila kuvunja, anaacha magitaa, anabeba ngoma. Akatazama chini. Huyo ndiye aliyenisimamia siku ya harusi.

Sijawahi kusema naye tena. Bendi ilikufa kabla ya Krismasi. Nililala wiki mbili kama mgonjwa, kisha Caren akaniamsha, nikaenda kubeba mabomba kwenye duka la Mhindi. Februari nikaanza kuuza koki zangu mwenyewe, boksi moja, kando ya barabara. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hiyo ndiyo hadithi yangu, na nimewasimulia watoto mpaka wanaimalizia wao.

Jumapili, 26 Machi

Caren kapiga.

"Baba Jacklyne, mvua huko?"

"Ipo."

"Huku tumepanda mpaka karibu na mto. Unakula?"

"Nakula."

"Sauti yako ina kitu."

"Ni mtandao."

Nilitaka kumwambia. Nikaona heri aingie sebuleni azikute. Alinionea huruma sana mwaka ule. Alikuwa na mimba ya Jacklyne na bado aliniletea uji kitandani.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimerudi Spring Valley bila miadi. Viatu nimevifuta langoni kwa gazeti, akiniangalia kutoka dirishani. Nilibeba picha ya 1976: vijana watano, suruali zimepanuka chini kama sketi, mimi nyuma ya ngoma nyekundu.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Kwa maneno, si kwa hesabu. Hesabu yangu iko sawa."

"Huo ni msamaha wa duka," alisema, lakini akavaa miwani. Akaishika picha muda mrefu. "Haiya. Kumbe ulikuwa na nywele." Kisha kidole chake kikahamia pembeni. "Huyu mrefu mwenye gitaa, ninamjua. Ndiye aliyezileta hapa. Na mkokoteni."

Nilikaa chini. Miaka ishirini na minane nimeambiwa nina moyo mgumu, niachie Mungu, labda kweli mlango ulivunjwa. Na hapa shahidi, mwalimu, ana miwani.

"Una hakika?"

"Aliusukuma mpaka kwenye ngazi, akakataa kuingia. Nilimpa chai akainywea nje. Mtu hanywi chai nje kwenye mvua ya Novemba ila ana jambo."

Tumekubaliana elfu arobaini. Kumi nimeacha, thelathini siku ya kubeba. Amesema kanisa la Karen lisubiri mpaka tarehe 29, saa sita mchana. Ikipita dakika moja, za kwao.

Usiku nimekula nyama. Nimekuwa na haki wakati wote.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua ya mawe. Nimemtuma Muchiri Dagoretti aulize Wahome anaishi wapi. Anafuga ng'ombe wa maziwa, amefiwa na mke. Ya mke nilijua. Nilisikia mwaka 1999, sikwenda mazishini.

Jumamosi, 8 Aprili

Sijui niandikeje hii. Nitaiandika kwa mpangilio.

Bi Hannah alisema hawezi kuuza kitu kabla hajasikia kinaliaje kwa mtu anayekijua. "Karanja alizipiga kila Jumapili kwa miaka ishirini. Vibaya. Nilimpenda, lakini vibaya." Nikavuta kigoda. Ufunguo wa kukazia ngozi bado ninao, uko kwenye shada moja na funguo za duka. Nikakaza skrubu moja moja, nikigonga na kusikiliza. Ngozi ya ngoma kubwa ni ile ile ya mbuzi niliyoivuta mwenyewe, mwaka ambao ngozi za kutoka nje hazikupatikana.

Kabla sijagonga, akainuka akafunga dirisha. Akashusha na pazia zito.

"Majirani?" nikauliza.

"Majirani wangu ni viziwi na mbwa. Ni mazoea tu. Tuliahidi."

"Mlimwahidi nani?"

"Aliyetuuzia."

"Wahome?"

"Nani Wahome? Yule wa mkokoteni hakufungua mdomo. Aliyeuza ni mama mmoja, kijana, mwenye mimba kubwa. Aliingia akakataa kiti cha sofa, akakaa kwenye kile cha mbao. Akanywa maji glasi tatu. Alikuwa anatafuna odowa, yale mawe ya udongo ya wajawazito, kru kru kru, akijadiliana bei na wakili bila woga. Alimtoa Karanja kwenye elfu moja mia tano mpaka elfu mbili mia nne. Halafu akasema kuna sharti. Zisipigwe kamwe dirisha likiwa wazi. Alisema mume wake ana sikio, akizisikia hata kutoka barabarani atazijua, na akizijua atazirudia, na yeye atakuwa amebaki peke yake tena na usiku wake."

Nikauliza alivaa nini. Akasema kitambaa cha kijani kichwani.

Nilimnunulia kitambaa hicho Gikomba. Jacklyne alizaliwa tarehe 19 Januari 1979. Kutoa miezi miwili na siku tano. Mimba ya miezi saba.

Na elfu mbili mia nne. Februari ile Caren aliniwekea bahasha mezani, akasema ni zamu yake kwenye chama cha akina mama, nikanunue koki. Ilikuwa elfu mbili mia nne. Namba hiyo sijawahi kuisahau, ndiyo niliyoanzia maisha.

"Mzee, umeshika fimbo kama mtu anayetaka kupiga nyoka," Bi Hannah alisema. "Piga basi."

Nikapiga. Mkono wa kushoto umekuwa wa mbao. Lakini toazi lenye matundu mawili lilitoa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo mwishoni, ambayo sijaisikia kwingine kokote, na mara nikawa Hurlingham, jasho, harufu ya nyama choma na manukato ya bei rahisi, Wahome amenigeukia ananitolea ulimi kwa sababu nimeongeza kasi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Niliacha kupiga kwa sababu sikuona.

Bi Hannah akaenda jikoni. Akaniletea maji, glasi tatu, kwenye sinia.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Caren amepiga mara tatu. Sikushika.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua siku nzima. Ametuma ujumbe: "Baba Jacklyne uko mzima?" Nimejibu: "Mzima."

Jumamosi, 22 Aprili

Dagoretti. Gari limekwama kwenye tope mita mia mbili kabla ya kwa Wahome, nikamalizia kwa miguu. Alikuwa kwenye banda anakamua. Nywele nyeupe, mgongo umeinama, lakini ule ni Wahome. Hakuinuka.

"Sifuna. Umekuja kunipiga au kununua maziwa? Kama ni kunipiga, ngoja nimalize, huyu ng'ombe hapendi kelele."

Nikasimama kwenye mvua kama mdaiwa. Akamaliza, akasogeza ndoo.

"Nimeziona ngoma," nikasema. "Ziko Spring Valley."

"Bado zinalia?"

"Zinalia."

"Mungu ni mwema. Nilidhani yule wakili ameshazifanya meza ya kahawa."

"Wahome, kwa nini hukuniambia?"

Akafuta mikono kwenye koti. "Bibi yako alikuja kwangu Jumapili, wewe umelala. Akaniambia: mume wangu anarudi saa kumi na moja alfajiri siku tano kwa wiki, mbili zilizobaki anazilala. Mtoto atamjua kama mgeni. Akasema, nipe ufunguo wa stoo, la sivyo nachukua basi kesho narudi kwetu, na mume wangu Zedekiah hataniona wala huyu aliye tumboni. Hakulia. Angelia ningejua la kusema. Nikamwambia nitasukuma mkokoteni mwenyewe, wewe una tumbo."

"Na ukaninyamazia."

"Aliniomba. Na mimi nilidhani utanuna wiki mbili, bana. Nitajua vipi una betri ya miaka ishirini na minane?"

Nilicheka. Sikutaka, nilicheka. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Mama watoto alipokufa nilikuwekea kiti. Watu waliuliza ni cha nani. Nikasema kuna mtu anatoka mbali."

Kutoka kwangu Kangemi hadi Dagoretti ni kilomita saba.

Nikachukua ndoo nikambebea mpaka nyumbani. Aliniwekea chai, akainywea ndani safari hii, na mimi pia. Gitaa lake liko ukutani, nyuzi mbili hazipo.

Jumatano, 26 Aprili

Manyunyu. Nimenunua nyuzi za gitaa.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimefika na pikapu saa nne, elfu thelathini kwenye bahasha. Muchiri na dereva wamebeba, nimezifunika kwa turubai mbili. Vijana wa kanisa la Karen walikuwa langoni saa tano na nusu, wawili, wapole, mmoja akaomba aguse tu. Nikamwachia aguse.

Bi Hannah alisimama kwenye chumba kitupu. "Kabla hujaondoka, fungua dirisha upige mara moja. Karanja hakuwahi kuzisikia likiwa wazi. Ahadi ilikuwa na yule mama, sasa ngoma si zetu."

Nilikuwa nimeshika fimbo. Nikazirudisha mfukoni.

"Si mimi niliyelifunga," nikamwambia. "Na si mimi wa kulifungua."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyepata jibu baada ya wenzake kwenda nyumbani. "Basi mkilifungua mniite. Hurlingham si mbali."

Jumanne, 2 Mei

Zimekaa sebuleni, zimefunikwa shuka. Sofa nimeisukuma kwenye ukuta. Natembea nikizipita kama mtu anayempita mgeni aliyelala.

Jumamosi, 6 Mei

Caren kapiga, nimeshika. Palizi ya kwanza imekwisha. Anarudi tarehe 13.

"Umekuwa mkimya mwezi huu, Baba Jacklyne."

"Nimekuwa na kazi nyingi."

"Mifereji?"

"Mifereji."

Akanyamaza. Yeye ndiye anayejua kunyamaza kuliko watu wote ninaowajua, na sasa najua alijifunzia wapi.

Jumanne, 9 Mei

Hakuna mvua. Siku nzima nilikuwa namwandikia kichwani maneno makali. Nikifika kwenye "uliniibia" naona bahasha. Nikifika kwenye bahasha naona uji. Nikifika kwenye uji naona kile kitambaa chake cha kijani anachokivaa mpaka leo akienda shamba, na jinsi alivyokaa macho usiku wa 1981 Jacklyne ana surua, na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo usiku huo. Nimejumlisha: usiku zaidi ya elfu kumi ambao nilikuwepo. Naandika hesabu na siipendi, maana hainiachi nikasirike sawasawa.

Jumamosi, 13 Mei

Caren,

Basi lako linafika saa kumi na moja jioni. Nitakuja kukuchukua, tutaongea habari za mahindi, nitabeba gunia lako la viazi vitamu. Sitasema kitu njiani kwa sababu mdomoni nitaharibu. Ukiingia sebuleni utaona shuka. Litoe. Daftari hili litakuwa juu ya ngoma ndogo, nimelifungua kwenye ukurasa huu. Soma kuanzia tarehe 11 Machi ukitaka. Yote yako hapa, na mvua pia.

Uliniamulia. Hukuniuliza. Ulimfanya rafiki yangu awe mwizi na mimi niwe mjinga anayejisifu mbele ya watoto kwamba hakuna aliyemshika mkono. Hilo linaniuma na sitaandika kwamba haliniumi. Na bado nimeangalia kila upande, sioni mahali ningekuwa leo kama ungeniuliza, maana ningekujibu hapana, na Jumatano ningeenda kazini.

Kwa hiyo sikuulizi kwa nini. Kwa nini naijua, nimeambiwa na mashahidi wawili.

Kesho baada ya ibada Wahome anakuja kutoka Dagoretti. Gitaa lina nyuzi zote sita. Bi Hannah anakuja kutoka Hurlingham, usimwekee sofa, mwekee kiti cha mbao, atacheka. Watafika saa tisa.

Dirisha la sebuleni nimelipaka mafuta bawaba. Leo limefungwa, na pazia limeshuka. Sitaligusa.

Swali langu ni moja. Nipige dirisha likiwa wazi, au lifungwe? Usiniambie tutaona. Usiniambie nile kwanza. Ukisema lifungwe, nitapiga taratibu na sitakuuliza tena maisha yangu yote. Ukisema wazi, ulifungue wewe, kwa mkono wako.

Nataka jibu kesho, Jumapili, kabla ya saa tisa alasiri. Saa tisa kamili nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, nikikutazama wewe na lile dirisha.